Jinsi ujumbe wa XML unavyotiwa sahihi na kufuli ndani ya programu

MTU anayetuma bahasha kwa basi kutoka Nairobi hadi Kisumu hutegemea mambo mawili: uaminifu wa utingo na gundi iliyoifunga bahasha hiyo. Utingo akiwa mmoja na mwaminifu, huenda gundi isiwe na kazi kubwa. Lakini bahasha ikipita mikononi mwa watu watatu au wanne, ni gundi pekee itakayomjulisha mpokeaji iwapo yupo aliyechungulia ndani.

Tarakilishi za mabenki, vyama vya ushirika, hospitali na idara za serikali nazo hutumiana bahasha za namna hiyo usiku na mchana. Nyingi huandikwa kwa XML, na ndani yake mna maagizo ya malipo, matokeo ya vipimo vya wagonjwa na nambari za vitambulisho vya raia.

Swali linalomkabili mwundaji programu ni hili: je, ailinde barabara inayopitisha bahasha, au ailinde bahasha yenyewe? Makala haya yanaeleza njia hiyo ya pili, jinsi inavyotekelezwa na mahali ambapo wengi wamejikwaa.

Bahasha, kichwa na mwili

XML ni utaratibu wa kuandika data kwa kuizingira na lebo zinazotaja maana yake. Kiasi cha pesa huwekwa kati ya lebo mbili zinazosema kwamba hicho ni kiasi, na nambari ya akaunti kati ya lebo zake. Shirika la W3C, ambalo husimamia viwango vya wavuti, liliidhinisha XML mnamo Februari 1998.

Ili programu mbili zilizoandikwa kwa lugha tofauti ziweze kuagizana kazi, ulibuniwa utaratibu wa SOAP. Toleo la 1.1 lilichapishwa mwaka wa 2000 na lile la 1.2 likaidhinishwa na W3C mnamo Juni 2003.

Ujumbe wa SOAP ni bahasha yenye sehemu mbili. Mwili hubeba agizo lenyewe, nacho kichwa, ambacho si lazima kiwepo, hubeba maelezo yanayohusu safari na namna ya kuushughulikia ujumbe. SOAP yenyewe haikuweka kinga yoyote. Iliacha nafasi katika kichwa ili kinga iongezwe na wengine.

Chukua mfano wa mwanachama wa chama cha akiba na mikopo anayeagiza Sh20,000 zipelekwe katika akaunti ya shule ya mwanawe. Agizo hilo huenda likatoka kwa programu ya chama, likapitia kampuni inayounganisha vyama na mabenki, likaingia katika seva ya mpaka ya benki, ndipo lifike kwenye mfumo wa hesabu. Hapo pana vituo vitatu au vinne.

Barabara salama pekee haitoshi

Kinga inayojulikana zaidi ni TLS, ile inayoonyeshwa na herufi za https mwanzoni mwa anwani ya tovuti. Kinga hii hufunika njia nzima baina ya tarakilishi mbili, asiweze mtu wa kati kusoma wala kubadilisha kinachopita.

Hata hivyo, TLS hulinda kipande kimoja cha safari kwa wakati. Ujumbe unapofika kwenye kituo cha kati hufunguliwa, husomwa ukiwa wazi, kisha huingizwa katika njia nyingine salama. Mfanyakazi mwovu wa kituo hicho, au mdukuzi aliyekiingilia, anaweza kuigeuza Sh20,000 iwe Sh200,000 kabla ya kuipeleka mbele.

Isitoshe, TLS haiachi ushahidi. Mawasiliano yakishakatika, hakuna alama inayobaki juu ya ujumbe wenyewe. Mzozo ukizuka miezi sita baadaye kuhusu nani aliyeagiza malipo, benki itabaki na kumbukumbu zake yenyewe tu, ambazo upande wa pili unaweza kuzipinga.

Kinga ya ujumbe hutatua matatizo hayo mawili kwa kuuwekea ujumbe lakiri inayosafiri nao hadi mwisho, na inayoweza kuhifadhiwa pamoja nao.

Kiwango cha WS-Security

Msingi wa kinga hiyo uliwekwa mwaka wa 2002. Mnamo Februari mwaka huo W3C iliidhinisha utaratibu wa kutia sahihi katika XML, na Desemba ikaidhinisha ule wa kuifumba XML kwa usimbaji fiche.

Katikati ya miezi hiyo, Aprili 2002, kampuni za IBM, Microsoft na VeriSign zilichapisha pendekezo la WS-Security, lililoonyesha jinsi taratibu hizo zinavyoweza kuwekwa katika kichwa cha SOAP. Shirika la OASIS lililifanya kuwa kiwango rasmi mwaka wa 2004, na toleo la 1.1 likafuata Februari 2006.

WS-Security haikubuni hesabu mpya za siri. Ilichofanya ni kukubaliana kuhusu mahali pa kuweka vitu: utambulisho wa mtumaji, muhuri wa wakati, sahihi na ufunguo uliofumbwa. Vyote huwekwa katika sehemu moja ya kichwa, ambayo jina lake ni Security.

Utambulisho

Njia nyepesi ya kujitambulisha ni jina na nywila. Kiwango hicho kinaruhusu nywila kuandikwa ilivyo, jambo ambalo ni salama tu iwapo njia yenyewe imefunikwa kwa TLS.

Njia ya pili huchanganya nywila na nambari ya nasibu isiyorudiwa pamoja na wakati wa kuundwa kwa ujumbe, kisha mchanganyiko huo hupitishwa katika hesabu ya SHA-1 inayotoa muhtasari mfupi. Mpokeaji hurudia hesabu hiyo na kulinganisha majibu.

Njia hii ina kasoro mbili. Mpokeaji hulazimika kuhifadhi nywila katika hali inayomwezesha kurudia hesabu, na anayenasa ujumbe anaweza kubahatisha nywila dhaifu kwa utulivu nyumbani kwake. Kwa sababu hiyo, mifumo ya pesa hupendelea vyeti vya kidijitali, ambapo kila upande una ufunguo wa siri usioutoa kwa yeyote na ufunguo wa umma ulio ndani ya cheti.

Muhuri wa wakati

Ujumbe halali unaweza kutumiwa vibaya bila kubadilishwa hata herufi moja. Mwizi akinasa agizo la Sh20,000 na kulituma tena mara tano, sahihi itakuwa sahihi mara zote tano.

Kinga yake ni muhuri unaotaja wakati ujumbe ulipoundwa na wakati unapokoma kuwa halali. Katika maktaba ya Apache WSS4J, inayotumiwa na waundaji programu wa Java, muda wa kawaida ni sekunde 300. Pamoja na muhuri, mpokeaji huweka orodha ya jumbe alizozipokea katika muda huo ili akatae zinazorudiwa.

Hapa ndipo wanaoanza kazi hii Afrika Mashariki hukwama mara kwa mara. Wakati katika muhuri huandikwa kwa saa za dunia, UTC, na saa za Nairobi ziko mbele kwa saa tatu. Programu ikiandika saa za Nairobi na kuziwekea herufi Z inayomaanisha UTC, mpokeaji ataona ujumbe ulioundwa saa tatu zijazo na kuukataa. Saa ya seva iliyochelewa dakika chache nayo huleta kero iyo hiyo.

Sahihi na umbo sanifu

Sahihi ya kidijitali hutengenezwa kwa hatua mbili. Kwanza, kila sehemu inayolindwa huhesabiwa muhtasari wake, siku hizi kwa SHA-256. Pili, orodha ya mihtasari hiyo hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri wa mtumaji. Mpokeaji huikagua kwa ufunguo wa umma ulio katika cheti.

Badiliko la tarakimu moja hubadilisha muhtasari mzima. Sh20,000 ikigeuzwa, sahihi huvunjika.

Hata hivyo, XML ina tabia inayotatiza kazi hii. Maandishi mawili yanaweza kuwa na maana moja ilhali herufi zake zinatofautiana: mpangilio wa sifa ndani ya lebo unaweza kugeuzwa, au alama za kunukuu zikawa moja badala ya mbili. Programu za kati huweza kuandika ujumbe upya namna hiyo bila nia mbaya, nayo sahihi ikavunjika bure.

Suluhisho ni kuigeuza XML katika umbo sanifu kabla ya kuhesabu muhtasari. W3C iliidhinisha kanuni za umbo hilo mwaka wa 2001, na mwaka wa 2002 ikaidhinisha kanuni za umbo sanifu la kipekee, ambalo huwezesha kipande cha ujumbe kuhamishiwa ndani ya bahasha nyingine bila sahihi kuvunjika. Ndilo linalofaa kwa jumbe za SOAP.

Umbo sanifu halifuti kila nafasi tupu, hata hivyo. Mtu akiupanga ujumbe vizuri kwa macho, kwa kuongeza mistari na nafasi baina ya lebo baada ya kutiwa sahihi, amekwisha kuuharibu.

Kuufumba ujumbe

Sahihi huzuia kubadilishwa, haizuii kusomwa. Matokeo ya kipimo cha mgonjwa yaliyotiwa sahihi pekee husomwa na kila kituo.

Ili kuyafumba, programu hubuni ufunguo mpya wa AES kwa ujumbe huo pekee na kufumba data kwa ufunguo huo, kwa kuwa AES ni nyepesi na ya kasi. Kisha ufunguo huo mdogo hufumbwa kwa ufunguo wa umma wa mpokeaji, kwa kawaida wa RSA, na kuwekwa katika kichwa. Mwenye ufunguo wa siri unaolingana ndiye pekee anayeweza kuufungua.

Uzuri wa XML ni kwamba sehemu moja huweza kufumbwa na nyingine zikaachwa wazi. Kampuni ya kati ikaona jina la benki inayopelekewa ujumbe, isione kiasi wala akaunti.

Hatua za kuandika programu

Ni nadra mwundaji programu kuandika hesabu hizi mwenyewe, na hashauriwi kufanya hivyo. Katika Java, kazi hufanywa na WSS4J ndani ya mifumo kama Apache CXF. Kwa upande wa Microsoft, mfumo wa WCF ulitolewa mwaka wa 2006 kuchukua nafasi ya nyongeza za WSE zilizoutangulia.

Kwa WSS4J, mtumaji hupitia hatua hizi:

1. Huweka ufunguo wake wa siri na cheti katika hifadhi ya funguo iliyofungwa kwa nywila, pamoja na cheti cha mpokeaji.

2. Hutaja kazi zinazotakiwa kwa mpangilio wake. Maneno matatu ya mipangilio, Timestamp, Signature na Encrypt, humaanisha ujumbe upigwe muhuri wa wakati, utiwe sahihi, kisha ufumbwe.

3. Huorodhesha sehemu za kutiwa sahihi. Hatua hii ndiyo inayosahaulika. Asipotaja lolote, maktaba hutia sahihi mwili pekee, na muhuri wa wakati hubaki bila ulinzi. Mwizi atafuta wakati wa zamani na kuandika mpya, na ulinzi dhidi ya kurudiwa utakuwa umekwisha.

4. Hutaja hesabu za kutumia badala ya kuziachia maktaba: SHA-256 kwa mihtasari, RSA yenye SHA-256 kwa sahihi, AES katika hali ya GCM kwa data, na RSA-OAEP kwa kufumba ufunguo.

5. Huandika kipande kidogo cha programu kinachotoa nywila ya hifadhi ya funguo kutoka mahali salama, badala ya kuiandika wazi ndani ya msimbo.

Mpangilio wa kutia sahihi kwanza na kufumba baadaye una sababu. Sahihi huwekwa juu ya maneno yanayoeleweka, yale ambayo mtumaji alikusudia. Aidha, sahihi yenyewe yafaa ifumbwe pia, kwa kuwa muhtasari wa data fupi, mathalan jibu la ndiyo au la, huweza kubahatishwa na kulinganishwa.

Kazi ya mpokeaji

Makosa makubwa hutokea upande wa mpokeaji. Programu nyingi huuliza swali moja tu: je, sahihi ni halali? Yapo maswali mengine matatu yanayopaswa kuulizwa.

Kwanza, sahihi ni ya nani? Cheti halali cha mtu asiyehusika si ruhusa ya kutoa pesa. Pili, sahihi imefunika nini? Lazima programu ithibitishe kwamba mwili na muhuri wa wakati vyote vimo. CXF ina kikaguzi maalumu cha kazi hiyo. Tatu, je, sehemu iliyokaguliwa ndiyo iyo hiyo itakayotekelezwa?

Swali hilo la tatu ndilo lililowaangusha wakubwa. Sahihi ya XML huirejelea sehemu inayoilinda kwa jina la utambulisho, wala si kwa mahali ilipo. Mwaka wa 2005 watafiti wa IBM, McIntosh na Austel, walieleza hila inayotokana na hali hiyo.

Mshambulizi huuchukua mwili halali, akauficha ndani ya kichwa, na mahali pake akaweka mwili bandia. Mkaguzi wa sahihi huutafuta mwili kwa jina, akaukuta mafichoni ukiwa mzima, akasema yote ni sawa. Mfumo wa malipo nao husoma mwili uliopo mahali pa mwili, na kutekeleza agizo la mwizi.

Mnamo 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba huduma za SOAP za Amazon EC2 na programu ya Eucalyptus zingeweza kudanganywa kwa hila ya aina hiyo. Kasoro hizo zilirekebishwa. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa mifumo 14 ya SAML, ambayo hutumia sahihi zizo hizo za XML kuwaingiza watu kwenye tovuti, ulipata kasoro kubwa katika mifumo 11.

Dawa yake ni programu kutekeleza tu kile ambacho mkaguzi wa sahihi amekirudisha, badala ya kurudi kwenye ujumbe na kuutafuta mwili upya.

Hesabu zilizozeeka

Mwaka huo wa 2011, Jager na Somorovsky wa Bochum walionyesha jinsi ya kuisoma XML iliyofumbwa kwa hali ya CBC bila ufunguo. Walituma jumbe zilizovurugwa kwa makusudi na kutazama ni zipi zilizorudishiwa ujumbe wa hitilafu. Kwa wastani, maombi 14 yalitosha kufichua baiti moja.

Kutokana na hayo, toleo la 1.1 la usimbaji wa XML, lililoidhinishwa 2013, liliingiza hali ya GCM, ambayo hugundua data iliyovurugwa kabla ya kuitoa. SHA-1 nayo ilianguka hadharani Februari 2017, pale Google na kituo cha CWI cha Amsterdam walipotoa faili mbili tofauti zenye muhtasari mmoja. Mifumo iliyojengwa miaka ya 2000 na kuachwa na mipangilio yake ya awali yafaa ichunguzwe kwa makini.

Hatari nyingine hujitokeza hata kabla ya sahihi kukaguliwa. XML huruhusu mwandishi kujibunia vifupisho vinavyopanuka wakati wa kusomwa. Matini isiyofika kilobaiti moja huweza kupanuka hadi gigabaiti kadhaa na kuizimisha seva. Vifupisho vingine huiamuru seva isome faili zake za siri. Kanuni za SOAP zinapiga marufuku matangazo ya namna hiyo ndani ya ujumbe, lakini ni wajibu wa mwundaji programu kuhakikisha kwamba msomaji wake wa XML ameyazima.

XML bado ipo

Huduma nyingi mpya siku hizi hutumia JSON, ambayo ni fupi zaidi. Safaricom ilipozindua jukwaa lake la Daraja mwaka wa 2017 ili waundaji programu waunganishwe na M-Pesa, ilitumia JSON. Hata hapo wazo la kulinda ujumbe halikutoweka: katika maagizo ya kampuni kuwalipa wateja, nywila ya mwenye kuagiza hufumbwa kwa ufunguo wa umma wa M-Pesa kabla ya kuwekwa ndani ya ombi.

XML nayo haijaondoka. Kiwango cha kimataifa cha jumbe za fedha, ISO 20022, huandikwa kwa XML, na mtandao wa SWIFT ulianza kukitumia kwa malipo ya kuvuka mipaka Machi 2023. Estonia huunganisha idara zake kwa mfumo wa X-Road ulioanza 2001, ambao hutia sahihi na muhuri wa wakati kwenye jumbe ili ziwe ushahidi. Nazo tovuti nyingi za makampuni na vyuo huwaingiza watumiaji wake kwa SAML.

Wala mitego ya zamani haijaisha. Machi 2025 ilitangazwa kasoro katika maktaba ya ruby-saml, iliyosababishwa na kutumia wasomaji wawili wa XML ambao waliuelewa ujumbe mmoja kwa namna mbili. Mmoja alikagua sahihi, mwingine akaongoza mahali tofauti, na mshambulizi akapata mwanya wa kujifanya mtu mwingine.

Kwa Kenya, suala hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazitaka taasisi zinazochakata data za watu kuweka kinga za kiufundi zifaazo, na kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe.

Mwishoni, kinga zote hizi husimama juu ya jambo moja: ufunguo wa siri. Ukinakiliwa kwenye tarakilishi ya kila mfanyakazi, ukitumwa kwa barua pepe au ukibaki vilevile baada ya aliyeutunza kuacha kazi, sahihi itaendelea kukubaliwa na kila mkaguzi, ilhali hakuna atakayejua mkono ulioiandika. Taasisi inayoanza kazi hii yapaswa iamue kwanza nani atautunza ufunguo huo, utabadilishwa lini, na utafutwa vipi siku utakapopotea. Hayo yakishaamuliwa ndipo msimbo uandikwe.